Kila tundu la ringi ya baiskeli lina sababu yake

Nilimpelekea mzee mmoja, fundi baiskeli wa Tabora, gurudumu la nyuma lililokata spoku nne ndani ya mwezi mmoja. Lilikuwa limesukwa upya siku si nyingi na fundi mwingine, na spoku zote zilikuwa mpya. Nilidhani atazikagua zile zilizokatika. Yeye akavua tairi, akatoa tyubu, akafungua spoku moja moja mpaka ringi ikabaki tupu, kisha akanikabidhi.

"Haya, niambie. Matundu yamekaa mstari mmoja?"

Nikaizungusha mkononi. "Yamekaa mstari mmoja, mzee."

"Tazama tena, mwanangu. Funga jicho moja."

Nikafunga jicho moja, nikaisogeza ringi karibu na uso, na hapo nikaona. Tundu moja limesogea kushoto kidogo, linalofuata limesogea kulia, la tatu kushoto, la nne kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho wa duara, kama nyayo za mtu aliyepita kwenye mchanga. Ni milimita chache tu kutoka mstari wa katikati. Nimepanda baiskeli tangu utotoni na sikuwahi kuziona hizo nyayo.

Sababu yake iko kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Habu ina visahani viwili vilivyotobolewa, kimoja kushoto na kingine kulia, na nusu ya spoku hutoka upande mmoja, nusu upande wa pili. Kwa hiyo spoku haiiendei ringi wima. Inakuja kwa mshazari, kutoka kushoto au kutoka kulia. Tundu lililosogea kushoto limewekewa spoku ya kisahani cha kushoto, na la kulia vivyo hivyo, ili spoku, nati yake na tundu vyote vitazamane. Kwenye baadhi ya ringi tundu lenyewe hutobolewa likiwa limeinama kidogo kuielekea habu.

Fundi aliyesuka gurudumu langu alianza na tundu lisilo lake. Baada ya hapo kila spoku ikafuata kosa la ile ya kwanza: za kushoto zikaingia matundu ya kulia, za kulia zikaingia ya kushoto. Gurudumu lilinyooka, lilizunguka vizuri, na kwa macho halikuwa na kasoro. Ila kila spoku ilipinda kidogo pale inapoingia kwenye nati, na hapo kwenye thredi ni moja ya sehemu dhaifu za spoku. Zile nne zilikatikia pale pale.

Watu wengi hudhani spoku hukatika kwa sababu ya mzigo mkubwa wa siku moja. Mara nyingi sivyo. Spoku hukatika kwa kuchoka. Gurudumu la inchi 28 likiwa na tairi lake huzunguka kama mara 450 kwa kilomita moja, na katika kila mzunguko kila spoku hulegea kidogo inapofika chini, kisha hukaza tena ikipanda. Mtu anayekwenda shamba na kurudi, kilomita 20, spoku zake zimelegea na kukaza karibu mara elfu tisa siku hiyo. Chukua waya, uupinde kidogo tu, mara elfu tisa kwa siku, mahali pale pale. Ndiyo maana milimita mbili za tundu lililohamishwa zinaweza kuua gurudumu zima.

Kulegea huko chini nako kunahitaji maelezo, maana kunapingana na macho. Tunaona spoku nyembamba na kudhani mpandaji amening'inia kwenye zile za juu, au amesimama juu ya zile za chini kama nguzo. Spoku peke yake haiwezi kusimama kama nguzo. Ni waya, ukiisukuma inapinda, na wachoma mishkaki wanaozitumia spoku wanalijua hilo. Kinachotokea ni kwamba spoku zote zimekazwa kwanza, kabla hujapanda. Ukipanda, zile tatu nne zilizo chini zinapunguziwa sehemu ya mkazo wake, huku za juu zikibaki karibu vile vile. Uzito wako unabebwa na huo mkazo uliopungua. Ukikaza spoku kidogo kuliko inavyotakiwa, zile za chini zitafika mahali zinalegea kabisa, nati itaanza kujifungua yenyewe, na gurudumu litaanza kuyumba.

Sasa geuza hesabu, itazame kwa upande wa ringi. Gurudumu la aluminiamu lenye spoku 36 likikazwa vizuri, kila spoku huvuta kwa nguvu ya kama kilo 100. Zote kwa pamoja zinaivuta ringi kuelekea katikati kwa nguvu ya kilo 3,600. Ringi haiendi popote kwa sababu ni duara. Inajibana yenyewe pande zote. Ukigawanya hizo 3,600 kwa 6.28, yaani mara mbili ya pai, unapata nguvu inayoibana ringi mahali popote utakapoikata: kilo 570 na ushei. Zaidi ya nusu tani, usiku na mchana, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ukutani. Ringi tuliyozoea kuiona kama kitu cha kushikilia tairi tu, inaishi maisha yake yote ndani ya jiliwa.

Ukilishika hilo, kiungo cha ringi hakitakushangaza tena. Ringi haizaliwi duara. Ni mkanda mrefu wa aluminiamu au bati la chuma uliopitishwa kwenye umbo lake, ukaviringishwa, ukakatwa, na ncha mbili zikaunganishwa. Tafuta mstari mwembamba unaokatiza ringi, karibu kila mara uko upande ulio mkabala na tundu la vali. Kwenye ringi za chuma ncha hizo huchomelewa. Kwenye ringi nyingi za aluminiamu hazijachomelewa kabisa: kuna pini mbili au kipande cha chuma kilichopenyezwa ndani ya uwazi wa ncha zote mbili, basi. Mtu akiona hivyo mara ya kwanza anaona kazi ya kulipua. Lakini zile kilo 570 zinazisukuma ncha hizo mbili zigusane, saa zote. Kiungo kinashikiliwa na spoku zenyewe. Kazi ya pini ni kuzizuia ncha zisiteleze, moja ikapanda juu ya mwenzake. Zikipishana hata kidogo tu utasikia "tik, tik, tik" ukikamata breki, mlio mmoja kwa kila mzunguko. Mtengenezaji anayechomelea kiungo huupiga msasa upande wa breki mpaka kiungo kisionekane.

Kiungo kinaongeza uzito mahali pamoja, na vali nayo ina uzito wake. Kwa kuviweka mkabala, kimoja kinasawazisha kingine. Inua gurudumu la mbele liwe huru, lizungushe polepole uliache litulie, kisha rudia. Likitulia upande ule ule ukiwa chini kila mara, basi upande huo ndio mzito.

Ukiitazama ringi kwa upande wa habu, tundu la vali ndilo tundu kubwa kuliko yote, na ndilo lenye mambo mengi kuliko yote. Kwanza, mahali pake. Liko katikati ya matundu mawili ya spoku, na gurudumu likisukwa sawasawa, spoku mbili zinazoipakana vali husimama zikiwa karibu sambamba, zinaacha uwazi wa kutosha mkono na kichwa cha pampu. Zikisukwa kwa kuanzia tundu la jirani, spoku mbili hukutana juu ya vali kama mkasi. Gurudumu halitavunjika kwa sababu hiyo, lakini kila asubuhi utapambana kuingiza pampu, utaipinda vali, na siku moja itang'oka kwenye tyubu. Itazame baiskeli yako leo. Nikiliona gurudumu ambalo spoku zimejifunga juu ya vali, huwa najiuliza ni kitu gani kingine aliyelisuka hakukiangalia.

Pili, ukubwa wake. Vali ya kizamani ya baiskeli, ile yenye kipira chembamba kinachovishwa kwenye pini, ambayo ndiyo ya Phoenix, ya Hero na ya baiskeli nyingi zilizotumika zinazotoka Japani, inahitaji tundu la kama milimita 8.5. Vali nene kama ya gari na pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Vali ndefu nyembamba ya Kifaransa, inayokuja na baiskeli za mashindano, inataka tundu la kama 6.5. Nyembamba ukiitia kwenye tundu kubwa inaingia bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo. Tyubu ikijaa hewa inajisukuma kwenye ule mwanya wa milimita moja kuizunguka vali, ukingo wa chuma unaikwangua, na baada ya wiki kadhaa inachanika penye shina la vali, mahali ambapo kiraka hakishiki. Dawa yake ni kipete kidogo cha kuziba mwanya. Nene kwenye tundu dogo haiingii, na wapo wanaochukua drili kulipanua. Kwenye ringi pana inawezekana. Kwenye ringi nyembamba unakula chuma kilichokuwa kinabeba zile kilo 570.

Ukilala chini na kuitazama ringi kwa mkato, yaani kama imekatwa na msumeno, utaona kwamba umbo lake lina akili kuliko matundu. Juu kuna midomo miwili inayoshika tairi. Chini kidogo ya kila mdomo kuna bega, sehemu bapa ambapo waya wa tairi unakaa. Na katikati ya mabega mawili kuna mfereji uliozama. Ukiuliza watu wa mtaani mfereji huo ni wa nini, wengi watakwambia ni wa tyubu kukalia, au wa vichwa vya nati. Mfereji huo upo hasa ili uweze kuvisha tairi.

Fikiria. Waya ulio ndani ya ukingo wa tairi hautanuki. Kwa ringi ya 28 ya zile baiskeli nyeusi, ambayo kipenyo chake penye bega ni milimita 635, duara la waya ni karibu mita mbili kamili. Mdomo wa ringi uko juu zaidi ya bega, kwa hiyo duara lake ni refu kuliko la waya. Kwa hesabu tupu, tairi lisingevuka mdomo kamwe. Lakini ukiushusha waya ndani ya mfereji kwenye nusu moja ya gurudumu, unapita njia fupi upande huo, na urefu uliobaki unahamia upande wa pili. Kila milimita moja unayoshuka katika nusu duara inakupa zaidi ya milimita tatu za ulegevu. Mfereji wa milimita nne unakupa zaidi ya sentimita moja, na sentimita moja ndiyo tofauti kati ya tairi linaloingia kwa vidole gumba na tairi linalohitaji bisibisi mbili na matusi.

Hapa pana kosa ninaloliona karibu kila kijiwe. Mtu anaanza kuvisha tairi penye vali na kumalizia upande wa mbali. Penye vali kuna shina na unene wa mpira uliojaza mfereji. Waya hauwezi kuzama hapo. Kwa hiyo anapofika sehemu ya mwisho, ile ngumu, ulegevu wote alioutegemea umekwama juu ya vali. Anachukua bisibisi, au mpini wa kijiko, anaikandamiza, na anaitoboa tyubu aliyoiziba dakika tano zilizopita. Fanya kinyume. Anza mkabala na vali, uje nayo pande zote mbili huku ukiuminya waya uzame kwenye mfereji, umalizie penye vali. Halafu sukuma vali juu ndani ya tairi kidogo, ili tyubu isibanwe na waya, ndipo ujaze hewa. Tairi lile lile lililokutoa jasho litaingia kwa mikono mitupu.

Mdomo nao una tofauti zake. Kwenye ringi za chuma za zamani ni ukuta ulionyooka au uliokunjwa tu, kwa sababu matairi yake yalitengenezwa kwa hewa ya wastani. Ringi nyingi za aluminiamu za miongo ya karibuni zina ndoano: mdomo umejikunja ndani kidogo, na tairi likijaa ukingo wake unajishika humo. Hiyo ndoano ndiyo inayoruhusu hewa nyingi kwenye tairi jembamba bila tairi kuruka. Ukilitia tairi la hewa nyingi kwenye ringi isiyo na ndoano ukalijaza mpaka liwe kama jiwe, linaweza kupasuka likiwa karibu na uso wako. Kiwango cha hewa kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kisome.

Ringi za bei nafuu zina ukuta mmoja: kitako cha ringi ndicho hicho hicho kinachopokea spoku kwa chini na tyubu kwa juu. Zilizo bora zina kuta mbili zenye uwazi kati yake, kama boksi. Boksi halipindi kirahisi, ndiyo maana ringi ya kuta mbili inastahimili mashimo ambayo yangeikunja ya ukuta mmoja. Lakini boksi linaleta maswali yake. Nati za spoku zinakaa kwenye ukuta wa chini, kwa hiyo ukuta wa juu lazima utobolewe matundu makubwa ya kuzipitishia. Tyubu ikijaa inajipenyeza kwenye kila tundu kama puto, na kingo zake ni kali. Kwa hiyo kuna ukanda unaofunika ringi ndani. Mafundi wetu huukata kutoka kwenye tyubu iliyokufa, na kwa ringi ya ukuta mmoja unafaa kabisa, maana kazi yake pale ni kuilinda tyubu na vichwa vya nati. Kwenye kuta mbili mpira laini wa tyubu unazama kwenye matundu pamoja na tyubu yenyewe. Pale panataka kitambaa kigumu au plastiki isiyotanuka.

Na hilo linatupa njia ya kusoma pancha. Ukitoa tyubu, weka alama ya upande uliotazama juu, kisha ujaze hewa utafute panapovuja. Tundu likiwa upande wa nje, unaotazama barabara, tafuta mwiba au msumari ulionasa kwenye tairi. Likiwa upande wa ndani, unaotazama habu, barabara haina kosa: ni ncha ya spoku iliyozidi urefu na kutokeza juu ya nati, au ukanda uliosogea. Matundu mawili yaliyokaa jirani ni tyubu iliyobanwa kati ya ringi na jiwe, maana yake hewa ilikuwa ndogo. Niliwahi kuziba pancha tano kwenye tyubu moja, zote upande wa ndani, kabla ya mtu kunionyesha ncha moja ya spoku iliyotokeza kama sindano. Tupa moja ilimaliza kazi ambayo solusheni ilishindwa kwa wiki mbili.

Kwenye ringi za aluminiamu utaona mara nyingine kila tundu la spoku limevishwa kipete cha chuma. Aluminiamu ni laini. Nati ikikazwa juu yake inang'ang'ania na kuichubua, fundi anageuza ufunguo na spoku inajisokota badala ya nati kuzunguka. Kipete kinaipa nati mahali pa kuteleza, na kile kirefu kinachoshika kuta zote mbili kinagawa mvuto juu ya eneo kubwa zaidi. Ringi isiyo na vipete si mbovu kwa sababu hiyo tu, mradi ukuta wake una unene wa kutosha. Ikaguliwe tu mara kwa mara: nyufa huanza kama nywele kuzunguka matundu, na huanzia gurudumu la nyuma upande wa cheni, kwa kuwa meno ya gia yamekisukuma kisahani cha upande huo karibu na katikati na spoku zake zinabidi zikazwe kuliko za upande wa pili. Baadhi ya watengenezaji huhamisha mstari mzima wa matundu pembeni kidogo ili kupunguza tofauti hiyo. Ukiikuta ringi yenye matundu yaliyoegemea upande mmoja, si mbovu. Hakikisha tu haijageuzwa.

Vitundu vidogo sana visivyo na spoku wala vali, kimoja au viwili, ni vya kutolea maji. Boksi la kuta mbili hunywa maji kupitia matundu ya spoku, na visipokuwepo au vikizibwa na tope utasikia maji yakicheza ndani ya ringi baada ya mvua.

Breki ndiyo sehemu ninayoiandika kwa moyo mzito, kwa sababu hapa ringi huumiza watu. Zile baiskeli nyeusi za inchi 28 zenye vyuma vya breki badala ya waya zina ringi ya muundo unaoitwa Westwood, uliotoka Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Kingo zake mbili zimeviringishwa kama mirija, na vipira vya breki havibani ubavu, vinavutwa juu kuigusa ringi kwa ndani, upande unaotazama habu. Ni ubunifu wenye faida kwa barabara za vumbi: ringi ikiyumba kushoto na kulia, breki haijali sana. Inachojali ni ringi iwe duara kweli, isiwe na bonde. Waingereza waliziwekea spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito uko nyuma, na mtu aliyeona magunia ya mkaa juu ya keria ataelewa kwa nini mpangilio huo umedumu.

Tatizo la ringi hizo ni kromu. Chuma kilichopakwa kromu kikilowa, kipira cha breki kinateleza juu ya maji kama mguu kwenye sakafu yenye sabuni. Baadhi ya ringi za chuma zinazobanwa ubavuni zilichorwa vijipele au mikwaruzo ili maji yapate pa kukimbilia. Inasaidia kidogo, kidogo sana. Masika, ukiwa na abiria na mteremko uko mbele yako, gusa breki mapema na mara nyingi ili kuikausha ringi, kabla hujaihitaji. Aluminiamu inashika vizuri zaidi ikilowa, na hiyo peke yake ingenitosha kuichagua hata kama ingekuwa na uzito ule ule wa chuma.

Lakini aluminiamu inalika. Kila unapobana breki, mchanga ulionasa kwenye vipira unaisaga ringi, na vumbi lile jeusi linalochafua vidole ni ringi yako inayoondoka. Ndiyo maana ubavuni mwa ringi nyingi kuna mchirizi mwembamba unaozunguka duara lote, au kitundu kimoja kisichopenya. Watu huona ni urembo. Ni kipimo. Mchirizi ukifutika mahali popote, ukuta umefikia mwisho wake. Ringi isiyo na alama ipime kwa ukingo wa rula ukiusimamisha ubavuni: ikiwa mwanga unapita katikati, ukuta umechimbika kama bakuli. Ukuta uliokwisha hautoi onyo. Hewa ya tairi inausukuma nje saa zote, na siku utakapobana breki mteremkoni unafunguka mara moja na tairi linatoka. Chomoa vipira vya breki kila baada ya wiki chache, toa vipande vinavyong'aa vilivyonasa ndani kwa ncha ya kisu.

Imebaki namba iliyogongwa kwenye ringi, na hii ilinigharimu fedha. Nilinunua tairi la 26 kwa ajili ya baiskeli ya Kijapani iliyotumika, ringi yake nayo ni ya 26. Tairi halikuvuka mdomo hata tulipokuwa watu wawili. Neno "26" halikuwa uongo, ila halikuwa na maana. Ringi za baiskeli za milimani zinazoitwa 26 zina kipenyo cha milimita 559 penye bega. Ile ya Kijapani, 26 × 1⅜, ni 590. Tofauti ya milimita 31 kwenye kipenyo ni karibu sentimita 10 kwenye duara la waya, hakuna mfereji unaoweza kuficha hiyo. Ipo pia 584, ambayo katika mfumo wa Kiingereza huitwa 26 × 1½, na hii ni ya hatari zaidi: tairi la 590 linaingia juu yake vizuri mno, kisha linatoka barabarani. Hata 28 ziko zaidi ya moja, 635 na 622. Tafuta kwenye tairi namba mbili zenye kistari, kama 40-635. Ya pili ndiyo kipenyo, na lazima ifanane na ya ringi herufi kwa herufi. Ringi nyingi za sasa zimegongwa hivyo hivyo, kipenyo na upana wa ndani, mfano 559 × 19.

Yule mzee wa Tabora alisuka gurudumu langu mchana ule chini ya mwembe. Spoku ya kwanza aliitia kwenye tundu lililo jirani na vali, baada ya kuligeuza mara mbili kuhakikisha limeegemea upande gani. Alipomaliza alizipiga kwa kucha moja moja akisikiliza mlio, akilegeza hapa, akikaza pale, mpaka za upande mmoja zikaimba sauti moja. Akavisha tairi, akamalizia penye vali, akashika pampu. Kichwa chake kikapita katikati ya spoku mbili bila kugusa upande wowote.